Maziwa ya Ng'ombe Ambao Hatukuwaona

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa nyundo na patasi, nikaambiwa nifungue pipa. Lilikuwa pipa la karatasi ngumu lenye mfuniko wa bati. Lilikuwa limesafiri kwa meli, kwa treni, halafu kwa lori mpaka depo yetu hapa Bukavu, na ndani yake kulikuwa na unga mweupe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza darasa la sita kwa Mapadri, nina shati moja lenye kola na ndoto nyingi kupita kiasi. Wabelgiji walikuwa bado wanatawala, na hakuna aliyefikiri kwamba miaka yao inakaribia kwisha.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa Ajan Saniteri. Huyo si daktari. Alikuwa Mzungu wa mambo ya afya, kazi yake kukagua vyoo, visima, chanjo, na sisi wafanyakazi. Alinionyesha maandishi kwenye pipa.

“Wewe najua soma?”

“Ndiyo, Bwana.”

“Soma hapa.”

Nikajaribu. Haikuwa Kifaransa, haikuwa Kiswahili, haikuwa hata Kilatini cha misa. Jasho likanitoka. Ajan Saniteri akainama, akatazama yeye mwenyewe, akakuna shingo.

“Hata mimi hapana jua,” akasema. “Fungua tu.”

Ndivyo nilivyoingia kazi ya maziwa. Vijana wa leo mnaniuliza mara nyingi kama nchi tajiri zinapaswa kusaidia nchi maskini, na mnabishana mpaka chai inapoa. Mimi sina masomo ya kujibu mambo makubwa hivyo. Ninachojua ni jinsi msaada ulivyopita mikononi mwangu, bakuli kwa bakuli, na nani aliukataa, na kwa nini. Nitawasimulia hayo, ninyi mtapima.

Maziwa ya unga yalikuwa dawa ya bwaki. Bwaki ni ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa titi mapema, kwa kawaida kwa sababu mama amezaa mwingine, akabaki analishwa mihogo na viazi tu, hana maharagwe ya kutosha, hana nyama, hana maziwa. Nywele zake zinageuka nyekundu na laini kama ndevu za mahindi. Miguu inavimba, uso unavimba, ngozi inabanduka. Tena anaacha kucheka. Hiyo ndiyo alama niliyofundishwa kuiogopa kuliko zote. Mtoto wa bwaki halii sana, hachezi, hataki kushikwa. Anakaa tu, kama mtu mzima aliyekosewa.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Papa Gerivazi, enfirmie mkubwa, yaani muuguzi, Mushi wa Bushi kama mimi, mtu mnene mwenye sauti ya kwaya. Ulichemsha maji, ukayaacha yapoe mpaka kidole kivumilie. Ulitia unga kidogo na maji kidogo, ukaponda kama uji mzito, ndipo ukaongeza maji polepole huku unakoroga na mwiko. Ukitia unga wote katika maji ya moto unapata mabonge, na bonge moja kwenye koo la mtoto dhaifu ni hatari. Siku ya kwanza nilipata mabonge ya kutosha kujenga ukuta.

“Eh, Melkiori!” Papa Gerivazi akapiga kelele. “Hii haiko sima! Koroga kama mutu anabembeleza mutoto, hapana kama mutu anapiga nyoka!”

Baada ya miezi michache depo, nilihamishiwa dispanseri ya Nyantende, nje kidogo ya mji, kuanzisha meza mpya ya maziwa. Papa Gerivazi naye alipelekwa pale kuwa mkuu. Ajan Saniteri alikuja Jumatatu na lori. Dokteri mwenyewe, Mzungu mrefu mwenye kuinama kidogo kama mti uliozoea kupigwa na upepo, alitoka nyumbani kwake Nyalukemba kila Alhamisi kuwaona wagonjwa. Nilifurahi mno. Njia nzima, juu ya lori, nilikaa kwenye mapipa nikiota ng'ombe. Niliwaza malisho mapana ya huko Ulaya au Amerika, majani mpaka magotini, na ng'ombe mmoja akikamuliwa anajaza pipa zima. Niliwapa hata majina.

Asubuhi ya kwanza walikuja akina mama wapata arobaini, na watoto mgongoni. Papa Gerivazi alikuwa ndani anachoma sindano, akaniambia niwaeleze habari. Nikapanda juu ya sanduku. Nilikuwa sijawahi kuhutubia hata mbuzi.

“Wamama!” nikasema. “Hii maziwa iko bure! Hakuna mutu atawauliza kitu! Leo hapana, kesho hapana, hata mwaka kesho hapana! Muje tu, mukunywe, muende!”

Nilingoja vigelegele. Havikuja. Kisha mama mmoja wa mbele akainua bakuli lake, akaligeuza chini juu, akaliweka chini ya mkono. Wa pili akafanya vile vile.

Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea ua akasogea. Alivaa koti kuukuu la kijeshi na alikuwa na fimbo ndefu ya mchungaji. Aliitwa Muzee Cirimwami, na watu walimpisha njia.

“Kijana,” akaniuliza, “wewe uko mutoto wa nani?”

Nikataja baba yangu, na babu yangu, na kilima chetu kule Kabare.

“Kabare! Bon. Na baba yako alikufundisha asema iko ngombe ya bure?”

Watu wakacheka, lakini hakikuwa kicheko cha kunisaidia.

“Ngombe ya nani inatoa hii maziwa?”

“Sijui jina yake, Muzee. Iko mutu wa mbali.”

“Iko na ngombe ngapi?”

“Mingi sana.”

“Na anatupatia maziwa, hatujui jina yake, hatujui kwao, na hataki kitu. Hata pombe hataki. Hata tumusalimie hataki.” Akawageukia akina mama. “Mutu wa vile, njo mutu wa kukimbia.”

Wakaondoka. Walibaki watatu tu, ambao hawakuwa na mkwe wa kuogopa wala mume wa kumuuliza.

Papa Gerivazi alitoka na sindano mkononi, akaona uwanja mtupu. Nilipomweleza nilichosema, akakaa chini.

“Melkiori. Mushi muzima, unamuambia Mushi mwenzako maziwa iko bure?”

Hapo ndipo nilipoona kosa langu, na masikio yakaniwaka. Vijana, lazima niwaeleze. Kwetu Bushi, mwenye ng'ombe akimpa mtu ng'ombe, haiishii pale. Desturi hiyo inaitwa bugabire. Aliyepewa anakuwa mtu wa yule aliyempa. Anampelekea pombe ya ndizi, anamjulisha ng'ombe akizaa, anamsimamia akiwa na shida, na mwenye ng'ombe naye analazimika kumlinda. Kila mmoja anamjua mwenzake na kila mmoja anajua mpaka wake. Mtu wa kukuogopesha ni yule anayekupa bila kusema anataka nini, kwa sababu siku atakayokuja kudai, atadai chochote. Na watu wale walikuwa na sababu zao. Miaka ya nyuma waliletewa mbegu bure, halafu ikawa lazima kulima, halafu ikawa kosa kutolima, na mgongo wa asiyelima ulijua habari yake. Mimi, kwa kukaa mjini na kupenda kazi, nilisahau. Nilidhani neno “bure” ni neno tamu.

Kati ya waliogeuza mabakuli kulikuwa na mama mmoja kijana, mke wa mtoto wa Muzee Cirimwami. Tulimwita Mama Nabintu, kwa jina la binti yake. Huyo Nabintu alikuwa na miaka miwili na kitu. Siku iliyofuata mama yake alikuja akasimama nje ya ua, hakuingia. Alinitazama nikikoroga tangu mwanzo mpaka mwisho. Siku ya tatu vile vile. Papa Gerivazi akatoka polepole, kama mtu anayekwenda kuchuma majani ya sungura, akamsalimia, akaomba kuuona mguu wa mtoto tu. Akaubonyeza kwa kidole gumba. Kidole kilipotoka, shimo likabaki. Hivyo ndivyo tulivyopima maji ya bwaki. Mwili wenye afya unarudi, wenye bwaki unabaki na shimo kama udongo mbichi. Nabintu hata hakumtazama.

“Mama,” Papa Gerivazi akasema, “huyu iko karibu sana. Sikufichi.”

“Niko naona, Papa.”

“Basi ingia.”

“Nikimupa, muzee atanirudisha kwetu, na mutoto atabaki kwake. Nitakuwa nimemuponyesha juu ya nani?” Akafuta pua ya mtoto kwa ncha ya kitenge. “Mimi sikatai. Mimi naomba tu muongee na muzee. Mufanye haraka.”

Jumatatu lori likaja. Ajan Saniteri akakuta mapipa yamejaa na meza ni tupu, akawa mwekundu kuanzia shingo. Alisema ataleta polisi, akina mama wakusanywe kwa nguvu, watoto wanyweshwe. Papa Gerivazi akamwomba angoje Alhamisi, Dokteri aje. Akakubali kwa kunung'unika.  Niliwaza polisi na vile vibakuli, nikaona kwamba mtu akimnywesha mtoto maziwa chini ya bunduki, kila alichosema Muzee Cirimwami kitakuwa kweli.

Nilipomaliza kazi, jua likiwa bado juu, nilipanda mpaka kwa Muzee Cirimwami. Nyumba yake ilikuwa katikati ya migomba, na ng'ombe wawili wembamba wamefungwa uani. Nilipiga magoti kama nilivyolelewa, nikamwambia nimekosa.

“Ulikosea nini?” akauliza. Alitaka niseme mwenyewe.

“Nilisema hakuna mwenyewe. Kumbe iko mwenyewe.”

“Unamujua?”

“Hapana, Muzee. Lakini iko mutu anashikaka kamba ya ile ngombe hapa kwetu. Iko Dokteri.”

Alimkuna mmoja wa ng'ombe wake nyuma ya sikio.

“Unazani mimi sioni mutoto wangu anavimba?” akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. “Usiku silali. Lakini nikimuuza, atakuwa nzima kwa nani? Mulete huyo mwenye kushika kamba. Nitamupa pombe, akunywe mbele yangu, nimuangalie macho. Akikunywa, tutaongea. Akikataa, mulete polisi yenu.”

Niliteremka nikiwaza niliyoagizwa. Mfanyakazi mweusi wa cheo cha chini, kumwalika Dokteri Mzungu anywe kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwa mrija mmoja na mzee wa kijijini! Siku hizo Mzungu na sisi hatukuketi hata benchi moja kanisani. Ningefukuzwa kazi, na shati la kola ningelivaa kulimia viazi.

Alhamisi Dokteri alifika. Nilimngoja kwenye ngazi ya lori, nikamwambia yote kwa Kifaransa changu cha darasa la sita, halafu Kifaransa kikaisha nikaendelea kwa Kiswahili.

“Uliwaambia nini hasa?” akauliza.

“Niliwaambia ni bure, Bwana Dokteri.”

“Lakini ni bure.”

“Ndiyo, Bwana Dokteri. Hiyo ndiyo taabu.”

Akavua miwani, akaifuta. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, alikuwa amekaa Kivu miaka mingi.

“Na wanataka nini?”

“Mwenye ng'ombe, Bwana. Wampe pombe yake.”

“Mimi ni daktari. Sina ng'ombe hata mmoja.”

“Wanajua, Bwana. Lakini wewe ndiye umeshika kamba.”

Ajan Saniteri, aliyekuja naye siku hiyo, akasema kitu haraka kwa Kifaransa. Nilielewa neno moja tu, “impossible”, na hilo lilitosha. Dokteri akatutangulia kuingia dispanseri. Alikwenda dirishani, akamwona Mama Nabintu amesimama pale pale nje ya ua, na mtoto mgongoni. Akavua stetoskopu, akaiweka mfukoni.

“Mwite mzee,” akaniambia.

Muzee Cirimwami alikuja na watu wa kilima chake, na kibuyu cha kasiksi kilichofungwa jani la mgomba. Dokteri alikaa kwenye benchi letu la wagonjwa, magoti yakamfika kidevuni. Muzee akaonja kwanza, kama desturi inavyotaka, kuonyesha hakuna sumu. Kisha akamgeuzia mrija. Uwanja mzima ukasogea karibu. Dokteri akaushika ule mrija, akanywa. Kasiksi ile ilikuwa kali. Akakohoa mpaka miwani ikaanguka, na bibi mmoja nyuma akasema, “Pole, mutoto wangu!” na watu wakacheka, na safari hii kilikuwa kicheko kizuri.

“Sasa,” Muzee akasema, “ngombe ziko nzima huko?”

“Ni wazima,” Dokteri akajibu. “Sijawaona, lakini nasikia ni wazima.”

“Wenyewe njo banani?”

“Majina siyajui. Ni wakulima wa nchi za mbali. Wengi.”

“Juu ya nini wanatupatia?”

“Wana maziwa mengi kuliko wanavyoweza kunywa. Na waliambiwa kwamba huku watoto wanakufa kwa kukosa maziwa. Hawataki wafe.”

Muzee akaomba bakuli. Nikamletea nililokoroga asubuhi. Akaonja kidogo, akayazungusha mdomoni kama mtu aliyechunga ng'ombe tangu utoto, akameza. Akamtazama Dokteri kwa jicho kali.

“Hii maziwa imetoka siagi.”

Papa Gerivazi akafumba macho. Mimi nilitaka ardhi ifunguke. Ilikuwa kweli, yalikuwa maziwa yaliyotolewa mafuta, lakini hakuna aliyetutuma kulisema hilo.

“Ndiyo,” Dokteri akasema. “Siagi walibaki nayo. Wao wanaipaka kwenye mkate. Maziwa yanayobaki ndiyo wametuletea. Lakini nguvu anayoihitaji mtoto wa bwaki imo humo, haikutoka na siagi.”

“Na ukweli hii, mbona huyu kijana yako hakutuambia?”

“Kwa sababu mimi sikumtuma awaambie.”

Muzee akaanza kucheka. Alicheka taratibu, mabega yakitikisika, mpaka akajipangusa machozi.

“Ah! Leo nimesadiki,” akawaambia watu wake. “Iko mwenyewe kweli! Yule wa kutupa maziwa na siagi pamoja, mimi ningemuogopa. Huyu amejiwekea siagi yake. Huyu iko mutu kama sisi.” Akageuka. “Muke wa mutoto wangu iko wapi? Aingie.”

Mama Nabintu hakutembea, aliingia mbio.

Ningependa kuwaambia kwamba mtoto alikunywa akapona. Kazi ile haikuwa hivyo. Nabintu aligeuza kichwa, hakutaka kitu. Mtoto wa bwaki hana njaa, ndiyo ubaya wake. Tulimpa kijiko cha chai kimoja, tukangoja, kingine, tukangoja. Maziwa yenyewe tuliyachanganya mepesi siku za mwanzo, maana tumbo lililozoea uhaba likishtuliwa linaharisha. Mama yake alikaa pale mchana kutwa na kijiko, na mimi nikikoroga kidogo kidogo, yasipoe.

Baada ya siku chache uvimbe ukaanza kupungua, na hapo ikaja hofu mpya. Maji yalipotoka, tuliona mtoto mwenyewe alivyokuwa kweli, yaani mifupa. Uso wote ukawa macho. Nilipomtundika kwenye mizani, mshale ukaonyesha uzito mdogo kuliko siku aliyoingia. Muzee Cirimwami akaja, akamwona, akanigeukia na fimbo yake.

“Maziwa inamukula! Ulimuangalia alivyokuwa munene?”

“Muzee, ule unene ulikuwa maji,” nikasema. Nilimshika mkono, jambo ambalo nisingethubutu siku nyingine, nikamwongoza kidole chake gumba kwenye mguu wa Nabintu. “Bonyeza.”

Akabonyeza. Ngozi ikarudi polepole.

“Tena.”

Ikarudi tena.

Alisimama pale, hajui aamini kidole chake au macho yake. Ni Mama Nabintu aliyesema, bila kuinua kichwa kutoka kwenye kijiko, “Baba, mimi nitabaki hapa. Kama anakufa, anakufa nikimulisha.” Mkwe kumwambia baba mkwe hivyo ni jambo zito kwetu. Muzee akashusha fimbo, akaenda zake. Kesho yake aliwatuma wajukuu wawili na kuni za kuchemshia maji.

Jumatatu iliyofuata Ajan Saniteri alifika, akavua kofia yake nyeupe, ile ngumu ya jua, akaiweka kinyume kwenye benchi, akainama kuhesabu mapipa. Kuku mmoja wa kijijini akapanda benchi, akaikagua ile kofia kwa makini kama anapangishwa nyumba, akaingia, akajipanga, akatulia. Ajan Saniteri akageuka. Akapaza sauti, kuku naye akapaza yake, wala hakutoka. Ndipo tukasikia sauti ndogo yenye kukwaruza, kama mlango ambao haujafunguliwa muda mrefu. Nabintu alikuwa anacheka. Kijiko kilimwanguka mama yake.

Papa Gerivazi, mtu mnene yule, alikwenda nyuma ya nyumba akalia, akarudi akisema ni moshi. Ajan Saniteri alikuwa amenyoosha mkono kumtoa kuku. Akaurudisha.

“Acha yeye,” akasema polepole. “Acha kuku. Mimi hapana taka kofia leo.”

Kuanzia siku hiyo nilimpenda yule bwana, na sikuacha. Alirudi mjini jua kali, kichwa wazi.

Meza yetu ilijaa. Walikuja mama wa vilima vingine, na kila mama mpya aliuliza habari za ng'ombe na za siagi, na mimi nilimjibu kama ilivyo. Tulijifunza pia kuwafundisha kuponda maharagwe na karanga, kuchanganya kwenye uji, ili mtoto anayefuata asifike kwetu. Wengine tuliwakosa, siwafichi. Wengi tuliwapata.

Nabintu alipotembea mwenyewe, Muzee Cirimwami alikuja akakaa karibu na meza yangu. Alisema ng'ombe aliyetolewa akizaa, mwenyewe lazima ajulishwe, la sivyo ni dharau. Akataka niandike barua kwa wenye ng'ombe. Niliandika kwa Kifaransa, na makosa yangu yote ndani. Tuliwaambia kwamba mtoto wa kike wa Nyantende alikuwa anakufa kwa bwaki, kwamba maziwa yao yalifika yakiwa mazuri ingawa siagi imetoka, kwamba sasa anacheka na kukimbiza kuku. Muzee aliweka alama ya kidole chini. Dokteri aliisoma, hakusahihisha hata neno, akaitia katika bahasha pamoja na ripoti yake.

Jibu halikuja. Mimi baadaye nilihamishiwa Lwiro, upande ule wataalamu walikuwa wanachunguza bwaki. Bosi wangu huko alikuwa Masere, mtawa wa maabara, aliyenifundisha kupima damu na kunyamaza. Kisha uhuru ukakaribia, Dokteri akarudi kwao, Ajan Saniteri pia. Mimi nikaingia lopitali ya Bukavu, nikasoma kidogo kidogo mpaka nikawa enfirmie, nikafanya kazi mpaka miguu yangu yenyewe ikaanza kuacha shimo nikiibonyeza. Nikapumzishwa. Sikuwa daktari kama nilivyoota juu ya lile lori, lakini nimekoroga maziwa ya watoto wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na ninamshukuru Mungu kwa kila bakuli.

Basi, je, nchi tajiri zisaidie? Wajukuu wangu wawili walibishana juzi. Mmoja alisema wametuchukulia vingi, ni wajibu wao kurudisha. Mwingine akasema msaada unatufanya tuwe watoto. Nawasikiliza, na wote wawili naona wako sahihi. Lakini mimi nimeona mguu wa Nabintu. Mtu mwenye maziwa mengi kuliko anavyoweza kunywa, na anajua kuna mtoto anavimba mahali fulani, ayalete. Ayalete upesi. Na akiyaleta, asiseme ni bure. Aseme yeye ni nani, na siagi amebaki nayo kiasi gani, na akae kwenye benchi aulizwe maswali. Nasi tuulize, halafu tunywe bila kuona haya, na tumpelekee habari.

Kwa hiyo ninaandika pia kwenu, wenye ng'ombe, popote mlipo, kama ile barua ya kwanza ilipotea njiani. Nabintu yuko. Anauza nguo sokoni, ana sauti kubwa, ana watoto na wajukuu, na anabishana na kila mtu. Muzee Cirimwami alishatangulia, lakini alikufa akingoja salamu zenu. Tunashukuru sana. Maziwa yalifika.

Ng'ombe wenu ni wazima?